Sijawahi Kusikia Kiungulia, Sasa Unanipima Nini?

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha kipimo, oksijeni ikimwingia kwa mrija mdogo puani, nami nimeshika mrija wa pili wa kumwongezea. Nilikuwa nimeshampaka jeli ya ganzi kwenye tundu la kulia, kikombe cha maji anacho mkononi. Kabla sijaanza kuusukuma, akaniuliza kwa upole, bila dalili ya ubishi:

"Mimi kiungulia sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Sasa unanipima nini?"

Nikamjibu jibu la kazini: madaktari wa upandikizaji wanataka kujua kila kitu kabla jina lako halijaingia kwenye orodha ya kusubiri mapafu. Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kunywa maji funda kwa funda, mrija ukashuka.

Akaenda zake na kinasa kiunoni. Swali akaniachia mimi.

Wiki kadhaa sasa linanisumbua. Napanda nalo basi asubuhi, jioni narudi nalo.

(Wasomaji wa zamani mnajua kazi yangu: muuguzi kwenye chumba cha vipimo vya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), hospitali moja mjini Toronto. Mgonjwa huyu nimembadilisha mambo kadhaa asije akatambulika.)

## Pua iliyokwisha kuchoka

Wengi wanaokuja kwetu huja na malalamiko yao tayari. Kifua kinawaka baada ya kula, usiku asidi inapanda hadi kooni, sauti imekwaruza. Ni shida ambayo kwetu Tanga kila nyumba ina tiba yake: huyu maziwa, yule magadi, mjamzito anatafuna udongo.

Mgonjwa wa sistiki faibrosisi, au CF kama wenyewe wanavyoiita, haji hivyo. Yeye ameletwa na mapafu. Kuna jeni kwenye kromosomu ya 7, iliyotambuliwa mwaka 1989 na watafiti wa hapa hapa Toronto wakishirikiana na wenzao wa Michigan. Mtoto akirithi hitilafu ya jeni hiyo kwa baba na kwa mama, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa kwenye kuta za seli zake. Ute unakuwa mzito kila mahali: mapafuni, kwenye kongosho, puani. Bakteria wanapata makazi. Miaka inakatika kwa antibiotiki na mazoezi ya kutoa makohozi, hadi mapafu yanapogoma kabisa. Hapo ndipo tunapokutana.

Na hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu. Wengi wana vinyama puani, wengine wameshafanyiwa upasuaji wa sainasi zaidi ya mara moja, hivyo mrija wa milimita 2 hivi, unaopita kwa wengine bila maneno, kwao unagonga ukuta. Manometria, kipimo cha nguvu ya misuli ya umio kinachotangulia kile cha asidi, kwa kawaida hufanywa mtu akiwa amelala chali. Huyu akilala chali pumzi inamkatika. Namwomba ameze maji bila kukohoa, naye kukohoa ndiko kulikomweka hai mpaka leo.

Hata kwenye chumba cha kungojea hawakai pamoja. Mwenye CF huwekwa angalau mita 2 mbali na mwenzake mwenye CF, kwa kuwa wanaweza kuambukizana vijidudu vya mapafu. Nimehudumia watu wazima ambao hawajawahi kushikana mkono na mtu mwenye ugonjwa kama wao.

Mtu wa namna hiyo akikuuliza unampima nini, "madaktari wanataka kujua" haitoshi.

## Mchoro wa kesho yake

Mrija wa kupima asidi unakaa saa 24. Una sensa ya pH, yaani ya ukali wa asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), inayowekwa sentimita 5 juu ya msuli unaofunga mlango wa tumbo, na pete ndogo zinazopima ukinzani wa umeme kutoka chini hadi juu. Kitu cha majimaji kikipita, ukinzani unashuka. Ukishuka kuanzia juu kwenda chini, mtu amemeza. Ukishuka kuanzia chini kwenda juu, tumbo limerudisha. Sensa ya pH nayo inatuambia kama kilichorudi ni asidi kali, yaani chini ya 4, au la. Mgonjwa anabonyeza vitufe: nakula, nalala, nimekohoa, nasikia kiungulia.

Kitufe cha kiungulia hakukigusa.

Mchoro wenyewe ulikuwa umejaa. Mwongozo wa Lyon, ule wa kusoma vipimo vya asidi kupanda ambao vituo vingi tunautumia, unasema asidi ikikaa kwenye umio chini ya asilimia 4 ya muda ni kawaida, ikizidi asilimia 6 ni tatizo, na matukio zaidi ya 80 kwa siku ni mengi mno. Yeye alivuka mipaka yote. Kilichonifanya nisogeze kiti karibu na skrini, hata hivyo, ni urefu. Mara nyingi kilichopanda kilifika kwenye pete za juu kabisa, sentimita 15 na 17 kutoka mlango wa tumbo. Na mengi yalitokea usiku, saa ambazo alikuwa akilishwa kwa pampu kupitia mrija wa tumboni, maana mwenye CF anahitaji kalori nyingi na kula kwa mdomo peke yake mara nyingi hakutoshi.

Amelala. Hana habari.

Nikaenda kutafuta kama ni yeye peke yake. Mwaka 2006 madaktari wa San Francisco walichapisha matokeo ya watu 109 wenye magonjwa mbalimbali ya mapafu waliokuwa wakisubiri kupandikizwa. Asilimia 68 walikuwa na tatizo la asidi kupanda, na dalili hazikusaidia kumtenga mwenye tatizo na asiye nalo. Kuna waliolalamika na hawakuwa nalo, kuna walionyamaza na walikuwa nalo. Mwaka mmoja kabla yake, timu ya Melbourne ilikuwa imeshaandika kuhusu wagonjwa wa CF hasa, kabla na baada ya kupandikizwa, ikisisitiza kwamba kwa baadhi yao asidi hupanda kimyakimya.

Hapa pananiuma kidogo. Nilifundishwa uuguzi na masista waliotukariria kwamba mgonjwa ndiye kitabu, ukimsikiliza vizuri atakusomea ugonjwa wake mwenyewe. Nimeishi kwa kanuni hiyo na imenilinda mara nyingi. Sasa mgonjwa amekaa mbele yangu anasema kweli tupu, na kweli yake hainisaidii kitu.

Labda mtu aliyekohoa tangu utoto, na aliyemezeshwa dawa za asidi tangu utoto, hana siku ya kawaida ya kulinganishia. Hiyo ni dhana yangu tu.

## Kikohozi kwanza au asidi kwanza

Nilikuwa na imani moja, na wenzangu wengi nawaona wanayo. Mtu akikohoa kutwa kucha, tumbo linabanwa na kilichomo kinasukumwa juu. Kwa hiyo wa kulaumiwa ni kikohozi. Badilisha mapafu, kikohozi kitakoma, asidi itatulia yenyewe.

Imani tamu kweli.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliamua kuipima. Walitumia shinikizo ndani ya umio kujua kila kikohozi kimetokea wakati gani hasa, wakalinganisha na nyakati za asidi kupanda kwa wagonjwa wa CF. Mara nyingi ilipanda bila kikohozi kutangulia. Kumbe tatizo linasimama kwa miguu yake.

Sehemu ya maelezo ni fizikia tu. Mwenye mapafu magumu anavuta pumzi kwa nguvu, na kila mvuto unaongeza utupu kifuani huku shinikizo la tumboni likibaki juu. Msuli unaofunga mlango wa tumbo ukilegea hata kwa muda mfupi, cha chini kinafyonzwa juu, kama fundi wa gereji anavyovuta petroli kwa mpira.

Sisi wahudumu nasi tuna mchango wetu. Kwa miaka mingi watoto wachanga wenye CF walikuwa wakiinamishwa kichwa chini na kupigwapigwa mgongoni ili makohozi yatoke. Mwaka 1997 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba mkao ule unazidisha asidi kupanda kwa watoto hao, na mazoezi yakaanza kubadilishwa. Baadhi ya watu wazima ninaowapokea leo walilelewa enzi za kuinamishwa.

## Mapafu yasiyojua kukohoa

Hapa ndipo jibu lilipoanza kunijia.

Daktari akitoa mapafu ya zamani anakata njia za hewa, mishipa ya damu na neva. Kwa mwenye CF anatoa yote mawili, kwa sababu pafu moja la zamani likibaki litaambukiza lile jipya. Mishipa ya damu inashonwa, njia za hewa zinashonwa. Neva hazishonwi. Chini ya mshono, pafu jipya halihisi kitu kigeni kikiingia kama lilivyokuwa likihisi la kuzaliwa nalo. Tone linateremka na mwenyewe hakohoi. Isitoshe, neva ya vagasi, ile inayoongoza tumbo, inapita jirani kabisa na mahali penye kisu. Ikijeruhiwa, tumbo linachelewa kumwaga chakula kwenda chini.

Kwa hiyo ile imani yangu imekaa kichwa chini. Kwa wengi, baada ya kupandikizwa asidi haitulii, na kwa wengine inazidi, wakati ambapo kinga ya kukohoa imepungua.

Na mapafu ya kupandikizwa hayana maisha marefu kama figo. Karibu nusu ya waliopandikizwa, ndani ya miaka 5, wanaanza kupata uchakavu wa kudumu: njia ndogo za hewa zinajaa makovu na pumzi inapungua mwezi hadi mwezi. Mwili kuyakataa ndio mzizi, ila kuna vichochezi vingine. Mwaka 2005 timu ya Toronto iliripoti juu ya majimaji yaliyosafishiwa mapafu ya waliopandikizwa: ilikuta asidi za nyongo ndani yake, na waliokuwa nazo nyingi ndio walioelekea kuingia mapema kwenye uchakavu huo.

Nyongo! Kitu kinachomwagwa chini ya tumbo, kimefika ndani ya pafu ambalo familia fulani, ikiwa msibani, ilikubali litolewe.

Basi kiungulia chake hakikuwa hoja tangu mwanzo. Tulikuwa tunaikagua njia iliyoko kati ya tumbo lake na mapafu ambayo bado hayajafika. Nilipompigia kumweleza hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo mngeniambia siku ileile. Ningeuvumilia mrija wenu vizuri zaidi."

## Wiki bila dawa

Ningeweza kuishia hapo kama si mdogo wangu, mfamasia wa Dar es Salaam. Nilipomsimulia kwa simu akaniuliza, "Dada, si wampe tu omeprazoli, yaishe?"

Dawa za jamii hiyo zinaondoa ukali wa asidi. Kupanda hazizuii. Tumbo linaendelea kurudisha, sasa kikiwa kitu kisichochoma: chakula, pepsini (kimeng'enya cha tumboni), nyongo. Ukipima pH peke yake kwa mtu aliyemeza dawa, utaandika kwamba hali ni shwari. Ndiyo sababu ya zile pete za umeme.

Ili tuone picha yenyewe, tunamwagiza mgonjwa aache dawa siku 7 kabla ya kipimo. Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu wa wiki moja. Kwa mwenye CF mambo ni mazito zaidi. Kongosho lake halitoi baikabonati ya kutosha, kwa hiyo mwanzo wa utumbo wake una asidi kuliko inavyofaa, na vidonge vya vimeng'enya anavyomeza kwa kila mlo havifanyi kazi vizuri penye asidi. Wapo wanaotumia omeprazoli kwa ajili hiyo tu, kiungulia hakimo kabisa kwenye sababu. Ukiisimamisha, mafuta hayasagiki, choo kinabadilika, tumbo linauma, na uzito unaweza kushuka. Uzito nao ni jambo ambalo kamati ya upandikizaji inaliangalia kwa jicho kali, na aliyekonda mno anaweza kuambiwa asubiri kwanza.

Yaani ili aingie orodhani inabidi apimwe, na ili apimwe inabidi ajiweke katika hatari ya kutoingia orodhani.

## Tumeshaona. Halafu?

Hili la wiki bila dawa ningelimeza kama ningekuwa na uhakika wa kinachofuata. Sina.

Upasuaji wa kuzuia upo. Sehemu ya juu ya tumbo inazungushwa chini ya umio na kushonwa ili mlango ukaze. Rudolf Nissen aliufanya kwa mara ya kwanza mjini Basel mwaka 1955. (Pembeni kidogo: Nissen huyu, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 akaenda kufundisha Istanbul, ndiye aliyempasua Albert Einstein mjini New York mwaka 1948 na kuuzungushia selofani mshipa wake mkubwa wa damu uliokuwa umevimba tumboni. Einstein akaishi zaidi ya miaka 6 baada ya hapo. Inaonekana mzee huyu alipenda kuzungushia vitu.)

Kwa waliopandikizwa mapafu, waliousukuma sana ni madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Ripoti zao za mwaka 2003 na 2004 zilisema kwamba waliofanyiwa, hasa mapema baada ya kupandikizwa, mapafu yao yalikwenda vizuri kuliko ya wenye asidi walioachwa. Nilipozisoma nilitaka kumpigia mtu simu.

Kisha nikazisoma tena. Waliofanyiwa mapema walikuwa kundi dogo, na mtu anayepelekwa kisuni mara ya pili ndani ya miezi michache ni yule ambaye tayari ana nguvu. Hakuna jaribio kubwa lililowagawa waliopandikizwa kwa bahati nasibu, hawa wapasuliwe na wale wasipasuliwe, likatupa jibu. Kwa ugonjwa mwingine, ule wa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, jaribio la aina hiyo lilifanyika Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2018. Upasuaji ulivumilika, na pumzi ilionekana kushuka polepole zaidi, lakini tofauti haikutosha kuitwa ushahidi.

Na mwenye CF ana hesabu zake. Tumbo lililozungushwa hushiba haraka, hujaa gesi, kubeua kunakuwa kazi. Mtu anayetakiwa kula mafuta na kalori kwa wingi, unampunguzia nafasi ya kula. Umio wake ukiwa na misuli dhaifu, ukaze mlango kabisa, chakula kitakwama juu. Hapo wapasuaji huzungusha nusu tu au huacha. Hiyo ndiyo kazi halisi ya manometria ninayowatesa nayo wagonjwa, na hilo kidogo limenituliza. Ukimpasua kabla ya mapafu mapya, unamlaza kwa dawa za usingizi mtu anayeishi kwa oksijeni. Ukingoja, kila usiku una kitu kinachoteremka.

## Wanaobaki kwenye foleni

Foleni yenyewe imefupika. Trikafta, dawa inayorekebisha protini ya jeni ile, iliidhinishwa Marekani Oktoba 2019 na hapa Kanada mwaka 2021, na wagonjwa wa CF wanaohitaji mapafu wamepungua sana. Watu waliokuwa wameshaandaliwa kwa upasuaji wameondolewa orodhani kwa sababu wamepata nafuu.

Wanaobaki ni wale ambao dawa iliwakuta mapafu yameshaharibika, na wale ambao hitilafu yao haitengenezi protini yoyote ya kurekebishwa. Kundi hili la pili linanigusa kwa sababu yake. Hitilafu iitwayo 3120+1G>A, iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, imo humo. Kwetu bado wapo wanaodhani CF ni ugonjwa wa Wazungu, kwa hiyo mtoto mwenye nimonia zisizokwisha, choo cha mafuta na jasho lenye chumvi kupita kiasi anatibiwa kifua kikuu au utapiamlo, na kipimo cha jasho, kile cha kuitambua CF, hakuna anayekitaja.

Mgonjwa wangu yuko kundi la kwanza. Matokeo yake yamejadiliwa na yuko orodhani. Chakula cha pampu kimehamishiwa zaidi mchana, kichwa cha kitanda kimeinuliwa, upasuaji wa tumbo haufanyiki sasa kwa sababu uzito hauruhusu. Akipata mapafu atapimwa tena katika miezi ya mwanzo, na mpasuaji wa tumbo ameshaarifiwa asingoje pumzi ianze kushuka ndipo aitwe.

Ninachogombania mimi kwenye vikao ni zile siku 7. Nataka mwenye CF ambaye uzito wake uko mpakani apimwe akiwa kwenye dawa, kwa pete za umeme, tusome idadi ya matukio na urefu yanaofika. Daktari mmoja anasema tutapoteza asilimia ya asidi, ambayo ndiyo nguzo ya mwongozo, na mpasuaji hatakubali kushika kisu bila hiyo. Mwenzake anasema kwa hawa asidi siyo swali, swali ni kinachofika juu. Mtaalamu wa lishe yuko upande wangu na amekuja na chati za uzito. Jumanne tunakaa tena.